Tufuko twa Kupoteza Bachumba

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa ine

Mama pasteur, bibi ya muchungaji wetu, alitufundisha kusoma na kuandika, sisi bamama tuliotoka masomo mapema. Mimi nilifika troisième primaire, darasa la tatu, kisha mbuzi za baba zikanihitaji. Anasema kila siku tuandike mistari mbili tatu juu mukono usisahau. Donc ninaandika. Daftari ninaficha mu gunia ya maharagi.

Leo agronome, mufundi wa kilimo, alikuja ku shamba yetu ya bamama ba kanisa, chini ya kilima chetu, upande wa kiwanja cha ndege Rughenda. Jina yake Lévi. Mupole, anasema polepole kama mutu anayebeba mayai. Alileta karatoni ya tufuko tudogo, kila kamoja urefu wa kidole, akatundika kamoja ku kila kijiti alichosimamisha mu mahindi, misitari yote, kila mama na yake. Akasema funza yenye inakula mahindi yetu ni mutoto wa kipepeo cha usiku. Na kipepeo dume anatafuta bibi kwa kunusa. Mu kafuko kuna harufu ya bibi. Ikiwa kila pahali, dume anaenda huku, bibi hapana. Anaenda kule, bibi hapana. Anazunguka mpaka anachoka, anakufa bila kuoa. Hakuna ndoa, hakuna mayai. Hakuna mayai, hakuna funza.

Nilinusa kafuko mpaka nikapiga chafya. Hakuna kitu.

Mama Hadassa, jirani yangu ku shamba na ku nyumba, akauliza kama hakuna ya bababa wanaotembeatembea, achukue karatoni mbili. Bamama balicheka mpaka bakashika magoti. Lévi naye akacheka. Akasema hapana, kila mududu na harufu yake, hii ni ya kipepeo hiki tu. Akasema tena tusitoe hata kamoja: pahali patupu ni mulango, bwana na bibi banakutana pale pale.

Hiyo ya mwisho nilisikia nusu. Nilikuwa nimeisha kufikiria Ézéchiel.

Ézéchiel ni kijana wa Beni, anauza pièces za moto, vipuri vya pikipiki. Kila Siku ya Mungu anapanda mpaka Butembo, anasali kwetu, kisha anakuja kukaa mu salon yetu na kuangalia Jemima, binti yangu wa kwanza, kama mutu anayesoma tangazo. Sina ubaya naye. Ubaya wangu ni Beni. Dada yangu Jokébed aliolewa kule, pahali pa vita, na kila mara simu yake inalia ninafikiri ni kifo, mbele sijasikia kama anataka tu kusalimia. Mimi nataka Jemima aolewe pahali ninaweza kumusikia akikohoa.

Nilitoa tufuko tubili ku misitari yangu. Nikaweka mu blouse.

Jumanne, tarehe 9

Ninajua mutu si kipepeo. Niandike hii wazi, kama mutu akisoma siku moja asiseme sikujua. Lakini mutu akiogopa anashika hata jani.

Nilifikiri vizuri. Ku nyumba yetu nisitundike, atafuata harufu. Nitundike kila pahali pengine. Nikarudi ku shamba, nikaongeza tungine. Kamoja nikafunga ku uzio ya Mama Hadassa. Kamoja ku kona ya barabara. Kamoja ku kibanda cha unités za simu. Kamoja chini ya banc ya kanisa yenye vijana banapenda kukaa. Pale kanisani niliangalia mulango kwanza. Nilipiga magoti juu mutu akiingia aone ninaomba. Kisha nikaomba kweli, lakini sikujua niombe nini.

Jacob, bwana yangu, fundi wa mbao, aliniona ku uzio. Akauliza ninafunga nini ku miti ya jirani. Nikasema dawa ya kufukuza mbuzi. Akaangalia kafuko, akaniangalia, akasema hajaona mbuzi yenye kuogopa kitu kama kile. Akarudi ku randa yake. Miaka makumi mbili na tatu ya ndoa imemufundisha kurudi ku randa.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Yehova. Imefanya kazi.

Ézéchiel alisali. Alitoka. Alishika njia ya kwetu, viatu vinang'aa, shati mu suruali. Pale ku uzio ya Mama Hadassa akasimama. Akaangalia nyuma. Akaingia kwake!

Mimi nilikuwa nyuma ya miti na beseni ya nguo, ninaosha shati moja mara tatu. Alikaa mpaka chai ikanywewa na mandazi yakaisha. Kisha akapanda moto, akashuka Beni.

Nilimushukuru Mungu. Kisha nikasikia haya kumushukuru. Juu Jemima alikuwa amekaa mu salon na robe yake ya kijani, amepiga pasi mpaka mikono. Aliniuliza kama sijamuona Ézéchiel kisha ibada. Nikamuambia pengine moto imeharibika, amebakia kanisani kuitengeneza. Akasema masikini, na mvua ya siku hizi.

Aliniamini. Njo hiyo inaniuma.

Jumatano, tarehe 17

Dawa yenye inafanya kazi inaongezwa. Nilishuka ku shamba asubuhi mapema. Misitari yangu ilikuwa imeisha kubakia vijiti tu. Nikachukua ku misitari ya Mama Hadassa, tufuko munane. Nilijiambia ninaazima.

Kumbe ilikuwa siku ya Lévi kupita. Akaita bamama wote. Akauliza kwa nini vijiti vya huku viko uchi. Bamama bakaangaliana. Mulomo yangu ikasema yenyewe: ni ndege. Zinachukua za kujengea nyumba.

Lévi akatikisa kichwa, akaandika mu kaye yake: ndege. Akasema hajasikia bado hii mambo, ni vizuri kujua. Akasifu macho yangu mbele ya bamama.

Mama Hadassa akasema basi tuweke mutu wa kuchunga ndege. Bamama wote bakasema awe Mama Jemima, yeye njo aliyeziona. Bakapiga makofi.

Donc sasa niko mukubwa wa ndege. Nimepewa kopo na fimbo ya kupigia. Nilikaa mu shamba mpaka saa sita, ninapiga kopo, tufuko tumejaa mu blouse, hakuna ndege hata moja. Kulipita mbayuwayu juu sana. Nilimupigia pia.

Siku ya Mungu, tarehe 21

Ézéchiel ameingia tena kwa Mama Hadassa. Mara hii Hadassa mwenyewe, ule binti wa Mama Hadassa mwenye meno mazuri, alitoka kumupokea anacheka. Akacheka mpaka akashika mulango.

Ku kanisa banasema Ézéchiel amebadilisha nyumba. Mama mumoja wa chorale alinishika mukono, akaniambia pole, Mungu atafungua mulango mungine. Nikasema asante. Ulimi ulikuwa muzito kama obundu ya jana, bugali iliyolala.

Jemima hakula. Rébecca, mudogo wake, akakula sehemu ya wote wawili na kuuliza kama kuna nyama imebakia. Nikaenda kumuona Jemima mu chumba. Alikuwa amelala, uso ku ukuta. Hakulia kwa sauti. Akaniuliza tu, pole pole: mama, mimi niko na ubaya gani?

Nikavuta blanketi, nikamufunika. Mimi, mama yake. Nilikuwa na jibu mu blouse, inanikwaruza.

Nilitaka kijana apotee njiani. Sikutaka afike kwa mutu mungine. Sikutaka mutoto wangu ajiulize swali kama ile.

Jumatatu, tarehe 22

Sikulala. Mbele jua halijatoka nilikuwa nimeisha kupata shauri: dawa yenye inamupeleka, inaweza kumurudisha.

Nilizunguka kukusanya tufuko twote. Kona. Kibanda cha unités. Uzio. Kanisani nikakutana na mulinzi, akauliza ninatafuta nini chini ya banc. Nikasema pete. Akashuka naye kutafuta. Tulitafuta pete robo saa, mimi na ule mutu mwema, pete yangu ikiwa ku kidole.

Leo Jemima alienda soko. Nikachukua robe yake ya kijani, nikafungua pindo, nikashona tufuko tutano ndani. Tungine nikafunga chini ya kiti kikubwa cha bageni. Twenye tulibaki, kwa kukosa pahali, nikafunga mu kitambaa na kuvaa ku kiuno, chini ya kikwembe.

Nilijua kwamba tulipaswa kurudi ku shamba. Nilisema kesho.

Jumanne, tarehe 23

Nilishuka ku shamba na kopo yangu. Misitari yangu ya chini imetobolewa kama kichungio ya chai. Nilifungua jani la katikati: funza, munene, analala kama mutoto wa tajiri. La pili, funza. La tatu, funza mbili. Kwa Mama Hadassa vilevile. Kwa bengine, pahali vijiti viko na tufuko, mahindi ni ya kijani na inacheka.

Mama Hadassa alikuja kusimama kando yangu. Alifungua majani yake moja moja. Hii misitari njo minerval, pesa ya masomo ya batoto wake badogo, kila mutu anajua. Aliniuliza: Mama Jemima, ndege zako zinatoboa mpaka majani ya ndani?

Nikapiga kopo. Sijui kwa nini. Nilipiga tu.

Jumatano, tarehe 24

Leo saa kumi Mama Hadassa aliingia kwetu, amevaa kitenge cha siku kubwa. Nilifikiri anakuja kusema juu ya shamba. Kisha nikafikiri hapana, anakuja kujisifu juu ya mukwe.

Akakaa. Akaomba Jacob pia aache randa. Akasema analeta neno.

Ézéchiel hana mama, amekufa zamani. Mama Hadassa alikuwa anamujua ule mama, balisoma pamoja. Donc kijana alimuomba awe mulomo wake kwetu, kuomba njia ya kuja kumuposa Jemima. Siku mbili za Mungu alikuwa anaingia pale kujifunza namna ya kusema. Neno kama ile haitangazwi mbele haijaiva, njo maana alinyamaza. Na Hadassa alikuwa anacheka juu kijana anasahau kila kitu akifika pahali pa kutaja jina yangu.

Jacob akauliza kwa nini hakuja mwenyewe mbele. Mama Hadassa akaangalia kikombe yake. Akasema kijana ananiogopa. Anasema ninamuangalia kama mutu aliyeona nyoka mu viatu.

Bageni bake banakuja Jumamosi.

Ardhi ingefunguka ningeingia na kufunga mulango mwenyewe. Huyu mama anabebea binti yangu neno, mimi ninamutolea tufuko, funza inakula minerval ya batoto bake. Pale pale nilipaswa kusema. Nilifungua mulomo. Nikamuuliza kama anaongeza sukari.

Mais niandike pia hii. Jumatatu nilishona, Jumatano neno ikafika. Nani atanionyesha kwamba si tufuko? Nimeacha pindo vile iko.

Jumamosi, tarehe 27

Ninaandika juu nilisema nitaandika.

Bageni ba Beni balipaswa kufika saa nane. Mvua ikaharibu njia, bakafika jua likishuka, na udongo mpaka ku magoti. Ézéchiel nyuma, na mbele Muzee Maliro, mujomba wake, ndevu nyeupe, sauti ya mutu aliyezoea kusikilizwa. Jacob, yeye hapana mutu wa maneno, alikuwa amemuomba Lévi asemee upande wetu, juu ya upole wake. Bakamupatia muzee Maliro kiti kikubwa. Mama Hadassa akakaa katikati. Jemima ku kona, robe ya kijani, anaangalia vidole vya miguu. Tukawasha ampulu, tukafungua madirisha juu ya joto.

Muzee Maliro akaanza kusema. Alisema balipita njia ndefu, baliona ua mu bustani ya bengine. Kipepeo kimoja kikaingia, kikagonga ampulu. Ni kawaida. Akasema ua ile iko na harufu inafika mpaka Beni. Bipepeo bitatu. Kumi. Kisha siwezi kuhesabu tena.

Havikukaa ku ampulu. Vilizunguka mu salon kama batu banatafuta adrese. Kundi moja likaingia chini ya kiti cha muzee. Aliendelea kusema, mutu wa heshima, lakini alinyanyua muguu mumoja, kisha wa pili, akasema maneno ya mwisho miguu ikiwa mu hewa. Kundi lingine likazunguka pindo ya Jemima. Mimi nilikuwa ninaingia na sahani ya obundu, mikono yote miwili imeshika. Vikaja ku kiuno yangu. Nilihisi mabawa mpaka ndani ya kikwembe. Nilisimama pale kama lampadaire ya barabara.

Lévi akashika kimoja kwa vidole viwili, akakiangalia ku mwangaza. Akaniangalia kiuno. Akauliza, na upole wake wote: Mama Jemima, hivi ni madume. Vinatafuta bibi. Bibi iko wapi?

Jemima aliinama. Akagusa pindo, akavuta uzi. Kafuko kakaanguka mu mukono wake. Akaniangalia. Ningependa anipige.

Nikaweka obundu chini na nikasema yote. Uzio, kona, kanisa, ndege, kopo, pete. Sikuacha kitu. Mama Hadassa alifunika mulomo kwa kitenge. Nilipofika ku misitari yake, kitenge kikapanda mpaka macho.

Ézéchiel aliniuliza, kwa heshima sana, kama nilitaka apotee ao arudi. Nikamuambia upotee kwanza, kisha urudi.

Muzee Maliro akasimama. Akasema banashukuru kwa chakula, lakini neno ya leo haiwezi kupata jibu leo. Batalala kwa ndugu yao na kufikiri. Bakatoka, obundu haijaguswa. Moto zikashuka barabara moja nyuma ya nyingine. Jemima alifuata mwangaza kwa macho mpaka kona.

Kisha akaingia mu chumba, akafunga mulango. Jacob naye alienda ku randa, na hapakuwa na mbao.

Siku ya Mungu, tarehe 28

Nilisimama mbele ya bamama kisha ibada. Niliomba musamaha. Nilirudisha kopo na fimbo. Mama Hadassa alisema anasamehe, lakini misitari yangu ya juu, yenye funza haijafika, itakuwa yake mavuno haya, na palizi ni mimi. Nikasema ndiyo. Ingekuwa mimi ningeomba zaidi.

Lévi alihesabu tufuko twenye nilirudisha. Akasema kanakosa kamoja. Nikasema pengine ndege. Hakuna aliyecheka. Akatufundisha tena kila kitu, na mara hii nilisikiliza mpaka mwisho: kila mududu na harufu yake. Mutu si mududu. Alilisema hilo akiniangalia mimi.

Saa tisa Jemima alikuja jikoni, akakaa kando yangu, akaanza kuchambua maharagi bila kusema. Kisha akauliza kwa nini. Nikamuambia juu ya simu ya Jokébed, namna inalia, namna mikono yangu inakataa kuishika. Nikamuambia kila saa ya kulala ninahesabu batoto wangu kwa pumzi, na pumzi yake ningekosa. Aliacha maharagi. Akasema: mama, ungeniambia tu unaogopa. Mimi pia ninaogopa. Mais ninamupenda.

Nilisikia haya mpaka mu mifupa. Miaka yote hii sikujua kwamba neno moja ingetosha.

Mbele ya jua kushuka simu yake ikalia. Ézéchiel. Muzee Maliro amesema ameposa mara nyingi mu maisha yake, hajaona bado mama mwenye kuiba mu shamba ya Mungu juu binti asitoke. Binti wa kushikwa vile haachwi. Batarudi na mbuzi zao kisha mavuno. Ila wameomba kukaa ku kiti kingine.

Jemima alicheka na kulia pamoja. Mimi vilevile. Beni iko tu Beni, haijasogea. Jemima amesema akiolewa atapiga simu kila siku saa moja ya mangaribi, na nikiona namba yake nijue ni salamu.

Nimeahidi mbele ya Mungu na mbele ya Jacob: hakuna tena mambo ya kujificha.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa tano

Nilikuwa ku palizi ya Mama Hadassa wakati alinishukia, macho mekundu. Akanivuta mu kivuli cha mugomba. Akasema kuna kijana ameanza kumuulizia Hadassa. Mwalimu. Mutu wa kanisa, hana kilema. Nikamuambia basi furaha, kwa nini machozi?

Akasema anatoka Kanyabayonga.

Nikakaa chini. Kanyabayonga. Hata Beni ni karibu.

Alinyofoa majani ya muhindi moja moja, na muhindi ulikuwa wake. Kisha, bila kuniangalia, akaniuliza kama ile siku Lévi alisema kweli harufu ni ya bipepeo tu. Nikamurudilia maneno yote ya Lévi, hakuna hata moja niliyosahau. Kila mududu na harufu yake. Mutu si mududu. Akasema ndiyo, anajua. Nikasema mimi pia ninajua.

Tukapanda kilima. Niliingia jikoni, nikashusha kopo ya sukari, nikatia mukono mpaka chini, nikatoa kale kafuko Lévi alisema kanakosa. Nilikapanguza vizuri, nikakafunga mu kitambaa safi, nikamutia mu mukono.

Nilimuomba kitu kimoja tu. Akatundike pahali anataka, hata ku kanisa, lakini hapana ku uzio yangu. Mimi ningali na Rébecca mu nyumba.